Mwongozo kamili: jinsi ya kumodeli kwenye kompyuta lenzi za usiku za ortho-k zinavyobadilisha umbo la konea

Ortho-k ni lenzi ngumu unazolala nazo zikabadilisha umbo la konea (kioo cha mbele cha jicho) ili mchana uone bila miwani. Kila mara napata ujumbe ule ule. Mtu kachora konea, kaweka lenzi juu yake, kabonyeza ran, konea imebonyea kidogo, halafu akitoa lenzi konea inarudi palepale kama hakuna kilichotokea, dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi au jicho) sifuri. Au anapata dayopta 9 za ajabu. Wote wanaokwama wanakwama sehemu moja: wanaifanya konea nzima kuwa kitu kimoja kinachonyumbuka na wanasubiri ipinde. Haipindi. Kinachohama ni epithelia, ngozi ile ya juu yenye mikroni 50 tu. Stroma, tabaka nene lililo chini yake, inatikisika usiku na asubuhi inarudi.

Kwa hiyo modeli hapa tunaigawa vipande vitatu kila kimoja na saa yake: machozi (sekunde), epithelia (masaa), stroma (papo hapo, halafu inarudi). Ukishika hilo mengine ni kazi ya mikono tu.

## Unachohitaji kabla hujaanza

- Laptopu ya kawaida, RAM ya GB 8 inatosha kabisa kwa hatua ya 1 hadi 7.
- Python na NumPy, SciPy na Matplotlib.
- FEBio kwa hatua ya 8, programu ya kuhesabu jinsi vitu vinavyobonyea. Ni bure na kodi yake (code) iko wazi. Ukiwa na Abaqus au COMSOL ya chuo tumia hiyo, hesabu ni zilezile.
- Vipimo vya konea. Ukiwa na topografia (ramani ya umbo la konea) halisi ya mtu tumia, ila bila jina lake kwenye faili tafadhali. Kama huna, anza na konea ya kawaida: nusu kipenyo cha mbele 7.8 mm, Q (jinsi konea inavyozidi kuwa bapa kuelekea pembeni) ya −0.25, nusu kipenyo cha nyuma 6.5 mm, unene wa katikati 0.54 mm, epithelia 0.05 mm.
- Presha ya ndani ya jicho: 15 mmHg.
- Karatasi na kalamu. Nasema kweli, karibu kila hatua ina namba ya kuhakiki kwa mkono na anayeruka hapo ndo baadae anakuja kuuliza.

Onyo moja la mapema ili tusirudie. Hii modeli ni ya kujifunza na kulinganisha miundo ya lenzi, usimwagizie mtu lenzi kwa matokeo yake. Lenzi za kulala nazo zina hatari ya maambukizi ya konea, kufitisha ni kazi ya mtaalamu wa macho aliye na jicho lenyewe mbele yake.

## Hatua ya 1: Chagua yuniti na usizibadilishe

Tumia milimita, nyutoni na MPa. Basi. Hapo 15 mmHg inakuwa 0.002 MPa, na presha ya kope ambayo tutaichukulia kuwa 1 kPa inakuwa 0.001 MPa.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu nusu ya zile dayopta 9 za ajabu zinatoka hapa, mtu kaweka 15 moja kwa moja kwenye sehemu ya presha akidhani programu inaelewa mmHg. Programu haielewi kitu, inakubali namba tu. Ndani ya kodi kila kitu kiwe mm, ukichora grafu ndo uzidishe kwa 1000 upate mikroni.

## Hatua ya 2: Chora konea

Kina cha konea kutoka kileleni, kwa umbali r kutoka katikati:

z(r) = r² / (R + √(R² − (1+Q)·r²))

Weka R = 7.8 na Q = −0.25. Namba za kuhakiki: ukiwa r = 3 upate 0.594 mm, ukiwa r = 5 upate 1.750 mm. Kama hujapata hizo simama, kosa lako liko kwenye alama ya Q, watu wengi wanaandika 1−Q.

Gridi: kuanzia 0 hadi 5.3 mm kwa vipande vya 0.02 mm, yaani vipande 265. Sehemu ya kwanza iwe na kitovu chake r = 0.01, isiwe sifuri, maana mbele tutagawanya kwa r na hutaki kugawanya kwa sifuri.

## Hatua ya 3: Chora lenzi, halafu pima pengo

Hii ndo hatua yenye utamu na ndo inaamua kila kitu, ikae hapa kwa muda wako.

Lenzi ya ortho-k ni ngumu, katikati ina unene wa kama 0.22 mm, na mgongo wake una kanda nne. Kanda ya katikati ni bapa kuliko konea. Inafuata kanda ya kurudi ambayo inashuka ghafla kuifuata konea, kisha kanda ya kukalia ambayo ndo inaishikilia lenzi isiteleze, halafu ukingo ulioinuka kidogo ili machozi yapite.

Tuchukue mtu asiyeona mbali wa −3.00 D (D ni dayopta). Nguvu ya konea kwa kipimo cha kliniki ni 337.5 ukigawa kwa nusu kipenyo, kwa hiyo 337.5/7.8 = 43.27 D. Tunataka kushusha 3.00, tunaongeza 0.75 ya akiba kwa sababu mchana jicho linarudi nyuma kidogo na hatutaki ikifika jioni mtu aanze kukunja macho kusoma vibao. Kwa hiyo 43.27 − 3.75 = 39.52 D, nusu kipenyo cha lenzi 8.54 mm. Hii ni duara la kawaida, Q = 0.

Kanda zangu:

- Katikati: r 0 hadi 3.0
- Kurudi: r 3.0 hadi 3.6
- Kukalia: r 3.6 hadi 4.8
- Ukingo: r 4.8 hadi 5.3

Sasa usiichore lenzi yenyewe, chora pengo kati ya lenzi na konea. Ni rahisi na makosa yanaonekana haraka:

pengo(r) = pengo la katikati + z ya konea − z ya lenzi

Pengo la katikati weka mikroni 5. Ukiwa r = 3 kina cha lenzi ni 0.544 mm na cha konea ni 0.594, tofauti mikroni 50, jumlisha 5 unapata kama 55. Kuanzia hapo lishushe pengo kwa mstari mpaka mikroni 10 ukifika r = 3.6, kwenye kanda ya kukalia literemke karibu na sifuri katikati ya kanda, halafu ukingoni lipande hadi 60.

Mafanikio yanaonekanaje: grafu ya pengo ina bonde katikati, mlima kwenye r = 3, bonde refu kwenye kanda ya kukalia, na mkia unaopanda mwishoni. Ukipaka rangi kila palipo zaidi ya mikroni 20 unapata kitu kinachofanana na picha ya fluoresini (rangi inayong'aa kwenye machozi) ambayo daktari anaiona: katikati giza, pete ya kijani, pete ya giza, ukingo wa kijani. Kama hupati hiyo picha usiendelee mbele, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Onyo: kuna watu wanaweka pengo la katikati hasi ili lenzi "ibonyeze zaidi". Acha. Hiyo inaingiza presha ya uongo tangu sekunde ya kwanza.

## Hatua ya 4: Machozi yanaisha haraka, usiyasimuleti usiku kucha

Wengi wanaanza na mlinganyo wa Reynolds (wa mtiririko kwenye utando mwembamba) wa machozi na wanataka kuusukuma masaa 8, kompyuta inalia siku mbili halafu inakufa. Fanya hesabu ndogo kwanza. Muda wa kuminya utando wa maji chini ya sahani bapa:

t = (3π·μ·a⁴ / 4F) × (1/h² − 1/h₀²)

Hapa μ ni mnato, a ni nusu kipenyo cha sahani, h₀ na h ni unene wa machozi mwanzo na mwisho. Weka mnato 0.002 Pa·s, a ya 3 mm, na nguvu ya kope F = 1 kPa kwa eneo lote la lenzi yaani 0.088 N. (Hapa tu tumia mita na paskali, ukimaliza rudi kwenye mm.) Kushuka hadi mikroni 5 ni kama sekunde 0.17. Kushuka hadi mikroni 1 ni kama sekunde 4.

Umeona? Machozi yanapata usawa wake kabla mtu hajapata hata usingizi. Kwa hiyo kwa muda wote wa usiku yachukulie kama kitu kinachofikisha presha kwa epithelia tu. Umeokoa siku mbili za kompyuta kwa mstari mmoja wa hesabu.

## Hatua ya 5: Pata presha inayokaa juu ya epithelia

Kwa kuanzia tunaichukulia konea kama godoro la springi, kila sehemu inasukuma kadiri ilivyobonyezwa:

p(r) = k × (δ − pengo(r)), na ikitoka hasi iwe sifuri

k ni ugumu, δ ni kiasi ambacho lenzi imezama. k tunaitoa wapi? Kwenye ganda lenye presha ndani, mkazo ni p·R/2t (t hapa ni unene), yaani 0.002 × 7.8 / 1.08 = 0.0144 MPa. Gawa kwa ugumu wa stroma 0.5 MPa, kisha gawa kwa 2 (ganda linavutwa pande mbili na halipungui ujazo), unapata mvutano wa kama asilimia 1.5, na konea inasogea kama 0.1 mm kwa presha ya 2 kPa. Kwa hiyo kila 1 kPa ni mikroni 50, k ni kama 20 Pa kwa mikroni, ambayo kwa yuniti zetu ni 0.02 MPa/mm. Ni makadirio ya mkono lakini ukubwa wake ndo wenyewe, na hatua ya 8 itatusahihisha.

Ugumu wa stroma kwenye machapisho unatofautiana vibaya sana, inategemea nani alipima na alipima vipi, kwa hiyo usikubali mtu akwambie namba moja ndo ya kweli. Jaribu 0.3 na 1.0 uone matokeo yanahama kiasi gani.

δ unaitafuta kwa kugawa nusu nusu: kisia, jumlisha presha yote juu ya eneo, linganisha na 0.088 N, punguza au ongeza.

Mafanikio: katikati upate kama 1.3 kPa, kwenye kilele cha pengo r = 3 kama 0.3 kPa. Tofauti hiyo ya 1 kPa ndo injini ya mchezo mzima.

Kuna jambo hapa linashangaza watu. Ongeza presha ya kope kutoka 1 hadi 1.5 kPa. Presha yote inapanda lakini *tofauti* kati ya katikati na pete haibadiliki, kwa hiyo matokeo ya mwisho yatakuwa yaleyale. Yakibadilika una hitilafu kwenye kodi. Ishushe sasa hadi 0.3 kPa: hapo kanda ya kurudi inapoteza mgusano, p inagonga sifuri, na matokeo lazima yabadilike. Majaribio mawili ya dakika moja, yanakamata makosa mengi kuliko kukodoa macho kwenye kodi.

## Hatua ya 6: Ruhusu epithelia ihame

Hapa ndo ulipokuwa unakwama. Epithelia tunaichukulia kama utando mzito sana unaotiririka taratibu kutoka presha kubwa kwenda ndogo, kama unga wa chapati ukiubonyeza kwa kiganja unakimbilia pembeni na ukitoa kiganja haurudi. Sisemi seli ni majimaji. Kinachotokea kweli ni mchanganyiko wa seli kuminywa, kubadilika umbo na kujipanga upya. Ila kwa kiwango cha mikroni na masaa, mlinganyo huu unabeba vizuri:

mabadiliko ya unene kwa muda = (1/r) · d/dr [ r · M · unene³ · dp/dr ] + (unene wa mwanzo − unene) / τ

M ni wepesi wa kuhama, anza na 10 kwa MPa kwa sekunde. τ ni muda wa kupona, anza na masaa 100.

Moyo wa kodi ni huu tu:

```
pengo = pengo0 + (unene0 - unene)
delta = tafuta_delta(pengo, k, F)
p = k * np.maximum(0, delta - pengo)

h_ukuta = 0.5 * (unene[1:] + unene[:-1])
q = -M * h_ukuta**3 * np.diff(p) / dr
rq = np.concatenate(([0], r_ukuta * q, [0]))

unene = unene - dt * np.diff(rq) / (r * dr)
unene = unene + dt * (unene0 - unene) / tau
```

r_ukuta ni r ya mipaka ya ndani kati ya vipande, yaani 0.02, 0.04 na kuendelea. Mstari wa kwanza ndo watu wanausahau: epithelia ikikonda pengo linakua, presha ya hapo inashuka, mtiririko unapungua. Mfumo unajizuia wenyewe. Ukiusahau katikati itazidi kukonda bila kujizuia na utadhani M ndo mbaya.

dt weka sekunde 2. Ukiweka 10 utaona meno ya msumeno kwenye grafu baada ya muda mfupi, kwa sababu hatua hiyo ni kubwa kuliko hesabu inavyovumilia, hasa pale epithelia ilipoongezeka unene na mtiririko ukawa mwepesi zaidi (ule unene³). Masaa 8 ni hatua 14,400.

Jaribio la lazima: zima kupona, yaani τ iwe kubwa mno, ran masaa 8, halafu jumlisha unene × r × dr mwanzo na mwisho. Lazima zilingane hadi tarakimu za mwisho kabisa. Epithelia haipotei, inahama. Zikitofautiana, umeandika mtiririko kwenye vitovu badala ya kwenye mipaka ya vipande.

Mafanikio: iache ifike mwisho bila kupona. Katikati itakonda kati ya mikroni 16 na 25, kwenye pete itanenepa, na mpaka kati ya kukonda na kunenepa utakuwa r ya 1.7 hadi 2.1 kutegemea kanda ya kukalia nayo imechangia kiasi gani. Maana yake eneo la tiba lina kipenyo cha kama 3.5 hadi 4.2 mm ingawa kanda ya katikati ya lenzi ni 6 mm. Hilo halikutoka hewani, kwenye macho halisi nako eneo la tiba ni dogo kuliko kanda ya lenzi.

Kilele cha pete kikiwa na ncha kali kwenye r = 3, lainisha pengo kwa wastani wa 0.2 mm kabla ya kuanza. Epithelia haifuati kona ya wembe.

### Kwa nini huwezi kushusha dayopta 10

Watu wanajaribu, ngoja niseme. Kukonda kwa katikati kunakohitajika ni kipenyo cha eneo la tiba (mm) kipeo cha pili, mara dayopta, gawa kwa 3, jibu ni mikroni. Ukiwa na bajeti ya mikroni 20 kutoka kwenye zile 50, kwa 3 D unapata eneo la 4.5 mm. Kwa 6 D unapata 3.2 mm, na mboni ikifunguka usiku mtu anaona mataa yamezungukwa na miale. Huko Marekani FDA walipoidhinisha Paragon CRT kwa kulala nazo mwaka 2002 mpaka ulikuwa −6.00 D, na ukitazama hesabu hii unaona haukuwekwa kwa kubahatisha. Modeli yako ikikupa 10 D kwa 5 mm ina maana imekonda mikroni 83 kwenye kitu chenye mikroni 50. Angalia tena.

## Hatua ya 7: Usiku, mchana, na dayopta

Masaa 8 na lenzi, masaa 16 bila lenzi. Mchana weka p sifuri kila mahali na uache kupona tu. Zungusha siku 10.

Kupata dayopta: chukua kina kipya cha uso wa mbele,

z mpya(r) = z ya zamani(r) − [badiliko la unene(r) − badiliko la unene katikati]

kisha kwenye r = 1.5 piga R = (r² + z²) / 2z. Kabla ya lenzi utapata 7.82, sio 7.80, hiyo ni Q inafanya kazi yake, usihangaike.

Sasa angalia hii namba vizuri. Kutoka 7.8 hadi 8.54, marekebisho yote ya 3.75 D, kina cha r = 1.5 kinabadilika mikroni 12.5 tu. Yaani mikroni 1 ni 0.3 D. Ndo maana nilikung'ang'aniza kwenye uhakiki huko nyuma, kosa la mikroni 2 sehemu yoyote ile ni zaidi ya nusu dayopta.

Na kuna mtego wa fahirisi (namba ya jinsi kitu kinavyopinda mwanga). Ukitumia 337.5 kutoka 7.80 hadi 8.38 unapata 3.00 D. Ukitumia 376, ambayo ni ya konea yenyewe, unapata 3.34 D. Ile 337.5 inabeba ndani yake dhana kwamba uso wa nyuma nao unabadilika pamoja na wa mbele, na kwenye ortho-k uso wa nyuma haubadiliki kwa maana yoyote ya kuhesabika. Kwa hiyo: unalinganisha na ramani ya mashine ya topografia? 337.5. Unataka kujua mtu ataonaje? 376. Changanya mbili hizo kwenye grafu moja na mtabishana hadi kesho.

Kurekebisha M na τ: macho halisi yanapata sehemu kubwa ya badiliko usiku wa kwanza na yanatulia ndani ya siku 7 hadi 10. Rekebisha M mpaka asubuhi ya kwanza upate kama theluthi mbili ya lengo. Kisha rekebisha τ ili kutoka asubuhi hadi jioni upoteze kati ya 0.25 na 0.75 D. Ukishapata hizo mbili usiziguse tena, badilisha lenzi tu. Anayebadilisha M kwa kila mgonjwa hana modeli, ana penseli ya kuchorea jibu analolitaka.

## Hatua ya 8: Hakiki stroma kwa FEBio

Springi za hatua ya 5 zinadanganya kidogo kwa sababu kwenye ganda halisi ukibonyeza hapa na pale jirani panasogea. Kwa hiyo chora robo ya konea (x = 0 na y = 0 ziwe nyuso za ulinganifu), tia presha ya ndani, tia lenzi, tazama.

Meshi, yaani kuikata konea vipande vidogo (elementi) vyenye pembe (nodi). Elementi za matofali zenye nodi 8, angalau tabaka 4 kwenye stroma na moja au mbili kwenye epithelia. Usitumie zile za piramidi ya pembetatu (tetrahedra) zenye nodi 4, konea ni karibu maji matupu, haikubali kupungua ujazo, na elementi hizo zinaganda zinakuwa ngumu kuliko jiwe. Utapata badiliko dogo mno na utalaumu lenzi.

Nyenzo. Mooney-Rivlin yenye c2 = 0 inatosha kuanzia. c1 ni ugumu gawa kwa 6, kwa hiyo 0.5/6 = 0.083 MPa. Ugumu wa ujazo uwe mara 1000 ya c1. Lenzi ipe ugumu wa kama 1500 MPa. Nyuzi za kolajeni ziache mpaka mambo ya msingi yakubali, najua zinavutia kwenye picha lakini zinakuongezea namba tano za kubahatisha kabla hujajua kama lenzi yako inagusa vizuri.

Umbo lisilo na presha. Hapa wengi wanazama. Konea uliyopima tayari imejazwa 15 mmHg. Ukiichukua hiyo na kuijaza tena inapanda kwa kama 0.1 mm, mikroni 100, wakati ishara unayoitafuta ni mikroni 20! Umezika jibu lako kabla hujaanza. Dawa yake:

1. Chukua nodi za umbo lililopimwa kama kisio la kwanza.
2. Jaza 0.002 MPa, soma nodi zimefika wapi.
3. Tofauti kati ya zilipofika na zilipotakiwa kuwa, itoe kwenye kisio.
4. Rudia mpaka kosa kubwa kuliko yote lishuke chini ya mikroni 0.5.

Kwa kawaida inatulia baada ya mizunguko michache. Ikianza kuyumba, toa nusu tu ya tofauti kila mara.

Ukingo wa konea. Ukiufunga kabisa konea inakuwa ngumu kupita kiasi. Ongeza kipande cha sklera (sehemu nyeupe ya jicho) cha 3 au 4 mm na ufunge huko mbali.

Mgusano. Lenzi ishuke taratibu kwa hatua ndogo, kope ianze kubonyeza baada ya lenzi kugusa. Ukitia vyote sekunde moja lenzi inaruka na programu inakata tamaa.

Mafanikio: mambo mawili. La kwanza, mchoro wa presha ufanane kwa umbo na ule wa hatua ya 5, katikati juu, pete chini, kanda ya kukalia juu. Toa k mpya hapa, irudishe hatua ya 5, ran tena. La pili, ondoa lenzi: stroma na uso wa nyuma lazima virudi vilipokuwa. Kikibaki chochote zaidi ya mikroni 0.5, mgusano wako haujaachia au hujafika mwisho wa hatua ya muda. Wale waliokuwa wanalalamika "konea inarudi palepale", hapo ndo inatakiwa irudi.

## Matokeo yakigoma, tazama hapa

Katikati kuna kilima badala ya ubapa: pengo la katikati kubwa mno, lenzi imekaa juu ya kanda ya kukalia na machozi yamejaa katikati. Kwenye jicho halisi ni lenzi yenye kina kupita kiasi. Punguza.

Badiliko ni kama sifuri: dp/dr unaihesabu kwa mikroni na M iko kwa milimita.

Asubuhi ya pili matokeo ni madogo kuliko ya kwanza: τ iko kwa sekunde sehemu moja na kwa masaa sehemu nyingine. Hii naiona sana.

Unataka kuona lenzi ikihama juu na kuacha ramani yenye umbo la tabasamu: modeli ya r peke yake haiwezi, kila kitu ndani yake ni duara. Hamishia mlinganyo wa hatua ya 6 kwenye gridi ya x na y, sogeza kitovu cha lenzi 0.5 mm, na uangalie kwanza kwamba ukisogeza 0 unapata jibu lilelile la hatua ya 7 kwa tofauti isiyozidi 0.1 D. Kwa asitigmatizimu (konea iliyopinda zaidi upande mmoja) nako ni hivyohivyo, konea iwe na nusu vipenyo viwili na kanda ya kukalia ya lenzi ivifuate vyote viwili, la sivyo machozi yanavuja upande ulioinama zaidi na lenzi inalala pembeni.